Mwongozo kamili: kujenga na kurekebisha fimbo za gofu, kuanzia alama ya mpira hadi gripi

Kuna fimbo tatu zinazonirudia mezani karibu kila mwezi; wenye nazo tu ndio hubadilika. Ya kwanza kichwa kimechomoka kikaufuata mpira. Ya pili shafti imekatwa ikawa fupi, na mwenyewe sasa anainama kama mtu anayepalilia maharage. Ya tatu shingo imekunjwa kwa nguvu hadi ikaingia ufa.

Waliozifanya hawakuwa wavivu. Wengi walitumia Jumamosi nzima na pesa ya maana. Walichokosea ni mpangilio: msumeno ulitangulia, kipimo kikafuata. Hapa tutaanza na alama ambayo mpira unaiacha kwenye uso wa fimbo, tuende kwenye urefu, kisha uzito, gundi, mlalo, na mwisho gripi. Ukiruka hatua moja, zinazofuata zitakudanganya.

Nitatumia chuma 7, yaani fimbo yenye kichwa cha chuma iliyoandikwa namba 7, kama mfano, na mchezaji wa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze kila ninaposema kulia au kushoto. Na tafadhali jenga fimbo moja tu kwanza, uichezee wiki nzima. Aliyekosea chuma 7 amepoteza shafti moja, lakini aliyekata seti nzima siku moja amepoteza zote.

Majina tuelewane kabla ya kazi. Shafti ni ule mti mrefu wa fimbo, na gripi ni mpira wa kushikia. Shingo ni tundu la kichwa linalopokea shafti. Ncha ya shafti ni upande unaoingia shingoni, kitako ni upande wa mikono. Kisigino ni sehemu ya uso iliyo karibu na shingo, na kidole ni ile ya mbali. Mlalo ni pembe kati ya shafti na ardhi. Mwinuko ni jinsi uso ulivyolala nyuma ili kuupandisha mpira. Pete ni kile kipande cheusi cha plastiki kinachokaa juu ya shingo.

## Vifaa: kusanya vyote kabla ya kugusa fimbo

- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, futi ya chuma ya mita moja, kalipa, kipima pembe na pimamaji ndogo.
- Jiliwa iliyofungwa vizuri mezani, msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, kikata bomba, tupa, na msasa namba 80 na 120.
- Epoksi ya sehemu mbili inayokauka kwa saa 24, asetoni safi, brashi ya waya ya duara inayoingia shingoni, na pete mpya.
- Mashine ya kupuliza hewa ya moto, kama ile ya mafundi wa simu ila yenye nguvu zaidi. Kwa shafti za chuma, tochi ndogo ya gesi pia inafaa.
- Gripi, utepe wenye gundi pande mbili, na spiriti ya kuyeyushia rangi.
- Kalamu ya ubao mweupe na chaki.
- Miwani ya kukinga macho, barakoa na glavu. Hivi si vya hiari.

Kishikio cha shafti usihangaike kukiagiza nje. Chukua kipande cha mbao ngumu, toboa tundu la milimita 15, kipasue katikati ya tundu, kisha bandika ndani mpira wa tyubu ya baiskeli. Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, fundi yeyote wa mbao au chuma atakutengenezea ukiwa umesimama hapohapo. Ukiibana shafti kwenye jiliwa bila kishikio hiki utaibonyeza, na shafti iliyobonyea itakuja kuvunjika hapo.

Vichwa na shafti za kujifunzia tafuta kwa makedi, wale wabeba fimbo, na kwa wanachama wanaobadilisha seti. Usinunue vipya kwa jaribio la kwanza.

## Hatua ya 1: Soma alama ya mpira

Watu huifanya hatua hii kwa haraka, nami naomba uipe asubuhi nzima.

Sugua chaki yenye unyevunyevu kwenye uso wa chuma 7 unachokitumia sasa. Kwenye mpira chora mstari mmoja mnene kwa kalamu ya ubao. Uweke mpira chini mstari ukiwa wima kabisa na ukiutazama uso wa fimbo. Piga, kisha angalia alama mbili: mpira uligusa wapi, na mstari uliochapwa usoni umeinamia wapi.

Piga mipira 20. Mitano ya kwanza isahau, mwili haujapata moto. Iliyobaki, piga picha ya uso kwa simu kila baada ya mpira, kisha futa na kupaka upya.

Sasa soma, na usome kundi. Alama moja peke yake haisemi kitu.

Kundi likiwa kwenye kidole, huenda fimbo ni fupi kwako au unasimama mbali na mpira. Likiwa kwenye kisigino, huenda fimbo ni ndefu au umeusogelea mpira mno. Alama zikitawanyika uso mzima, moja kisigino, nyingine kidole, nyingine chini kabisa, kosa haliko kwenye fimbo. Weka vifaa kando, ulipie masomo mawili au matatu kwa mwalimu wa klabu, kisha urudi. Nimewahi kumwambia hivyo mzee mmoja aliyekuwa amekwisha toa pesa ya shafti mpya. Hakufurahi siku hiyo. Baada ya miezi miwili alirudi na kundi dogo kama sarafu, na hapo ndipo kumpimia kukawa na maana.

Mstari nao husoma hivi. Ukichapwa wima, mlalo unakufaa. Sehemu yake ya juu ikiinamia kidole, fimbo imesimama mno: kidole kinanyanyuka wakati wa kugonga, na mpira huelekea kushoto. Ikiinamia kisigino, fimbo imelala mno, na mpira huenda kulia. Andika tu ulichokiona. Usikunje kitu sasa, kwa sababu urefu ukibadilika mlalo nao utabadilika.

Tahadhari: usifanye jaribio hili kwenye ardhi iliyonyeshewa. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, nyasi za viwanja vyetu hulowa, fimbo huzama, na alama hupanda juu usoni. Subiri siku mbili kavu.

Umefanikiwa ukiona: angalau alama 10 kati ya 15 zimekaa ndani ya eneo linalofunikwa na sarafu ya shilingi 500 ya Uganda, hata kama eneo hilo haliko katikati ya uso.

## Hatua ya 2: Tafuta urefu bila kukata

Chuma 7 cha dukani huwa karibu inchi 37, yaani sentimita 94. Pima chako fimbo ikiwa imekaa katika mlalo wake wa kuchezea, kisigino sakafuni, futi ikipita nyuma ya shafti kutoka sakafuni hadi mwisho wa kifuniko cha gripi.

Kama kundi lilikuwa kisiginoni, zungushia utepe kwenye gripi nusu inchi chini ya mwisho wake, shika chini ya utepe huo, upige tena mipira 15. Kama lilikuwa kwenye kidole, refusha kwa muda: chonga kijiti cha mbao ngumu kinachoingia kwa kubana kwenye kitako cha fimbo kuukuu, kiache kitokeze nusu inchi, kisha uivalishe gripi ya zamani juu yake.

Songa nusu inchi kwa wakati, yaani milimita 12.7. Wachezaji wengi hawahitaji zaidi ya hiyo, juu au chini. Anayeniambia anahitaji inchi mbili namrudisha kwanza kwenye jinsi anavyosimama.

Sababu ya kwenda polepole ni kwamba urefu unaburuta vitu vingine. Kurefusha nusu inchi huifanya fimbo icheze kama iliyosimama zaidi kwa takriban digrii 1. Kufupisha huifanya icheze kama iliyolala zaidi kwa kiasi hichohicho. Uzito unaousikia kichwani nao hubadilika, na hilo tutalipima hatua ya 5.

Umefanikiwa ukiona: kundi limehamia katikati ya uso bila wewe kubadilisha ulivyosimama. Andika urefu huo kwa kalamu isiyofutika.

## Hatua ya 3: Vua kichwa

Bana shafti kwenye kishikio. Kata pete kwa kisu. Elekeza joto kwenye shingo pekee, ukizungusha, mpaka gundi ya ndani ilegee.

Shafti ya chuma inaruhusu kuzungusha kichwa kwa mkono wenye glavu huku ukivuta. Shafti ya grafiti, yaani ya nyuzi za kaboni, usiizungushe hata kidogo. Nyuzi zake zitapasuka kwa ndani bila wewe kuona, nayo itakuja kukatika uwanjani. Grafiti huvutwa moja kwa moja, kwa mashine ya hewa ya moto peke yake. Tochi ya gesi itaunguza gamu inayoshikilia nyuzi zake.

Tahadhari kubwa: vichwa vyenye uwazi ndani, hasa vilivyojazwa povu au mpira, usivipashe kwa tochi. Hewa na vijazo vya ndani hutanuka, uso hufura, na kichwa kinaweza kupasuka. Fanya kazi mahali penye upepo, na usiielekeze ncha ya fimbo kwa mtu. Moshi wa epoksi ni sumu.

Kichwa kikitoka, kiache kipoe chenyewe. Usikitumbukize majini. Kisha ingiza brashi ya waya kwenye drili, safisha shingo mpaka uone chuma kinachong'aa ndani, na umalizie kwa kitambaa chenye asetoni.

## Hatua ya 4: Hakikisha ncha na shingo ni wa ukoo mmoja

Vichwa vingi vinavyochomoka huanzia hapa, na watu hulaumu gundi.

Shafti za fimbo za chuma, zile za kichwa cha chuma kama chuma 7, ziko za aina mbili. Moja ina ncha ya unene ule ule mwanzo hadi mwisho, milimita 9.4. Nyingine huanza na milimita 9.0 nchani kisha hunenepa kidogo kidogo. Shingo nazo ziko za aina hizo mbili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Pima kwa kalipa nchani kabisa, kisha sentimita 3 juu yake. Vipimo vikilingana, ni ncha nyoofu. Vikitofautiana, ni ncha ya kunenepa. Ncha ya milimita 9.0 ukiitia kwenye shingo ya 9.4 itacheza ndani, na gundi italazimika kujaza pengo ambalo haikutengenezwa kulijaza. Tafuta bati jembamba la shaba la kuzungushia, au bora zaidi tafuta shafti sahihi.

Tofauti hii inaamua pia unakatia wapi. Ncha ya kunenepa haikatwi nchani kamwe. Punguza kitakoni tu. Ncha nyoofu huruhusu kukatwa nchani, lakini fuata jedwali la mtengenezaji wake, kwa sababu kila kipande unachotoa nchani kinaikaza shafti.

Kuhusu herufi za ugumu, R (ya kawaida), S (ngumu) na nyinginezo, nina neno moja. Hazina kipimo kimoja duniani. R ya mtengenezaji mmoja yaweza kuwa ngumu kuliko S ya mwingine. Kama shafti yako ya sasa inaupaisha mpira vizuri, chukua mpya yenye uzito wa gramu unaokaribiana nayo na uache herufi.

## Hatua ya 5: Unganisha bila gundi, kata, kisha pima uzito

Ingiza kijiti kwenye shingo ujue kina chake. Kwa fimbo nyingi za chuma ni karibu milimita 32. Weka alama ya kina hicho kwenye ncha ya shafti. Vaa pete, ingiza kichwa bila gundi, simamisha fimbo katika mlalo wake, na uweke alama ya urefu ulioupata hatua ya 2. Toa milimita 3 kwa ajili ya kifuniko cha gripi.

Sasa kata, kitakoni. Shafti ya chuma kwa kikata bomba, ukikaza kidogo kila mzunguko. Grafiti izungushie kwanza utepe wa wapaka rangi, kisha tumia msumeno wa meno madogo, ukiigeuza shafti unapokata ili upande wa mwisho usinyofoke. Vaa barakoa na upanguse vumbi kwa kitambaa kibichi. Vumbi la grafiti ukilivuta linaumiza mapafu.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huiruka wakidhani inahitaji mashine ghali. Haihitaji.

Chukua gripi kuukuu yenye uzito sawa na utakayoitumia, ipasue kwa urefu, uifunge kwenye kitako kwa utepe. Bandika kichwa kwa utepe kidogo kisitoke. Pima uzito wa fimbo nzima kwa mizani ya jikoni. Kisha ilaze juu ya ukingo wa futi, isogeze mpaka ikae sawa bila kuangukia upande wowote, na upime umbali kutoka mwisho wa gripi hadi hapo ilipoegemea.

Tunachokitafuta ni kile wachezaji wanachokiita swingiweti: jinsi kichwa kinavyohisiwa kuwa kizito unapozungusha fimbo. Hupimwa kutoka egemeo lililo inchi 14, yaani sentimita 35.56, kutoka kitakoni. Hesabu yake ni hii:

Uzito wa fimbo kwa gramu × (umbali wa mizania kwa sentimita − 35.56)

Jibu likiwa 15,374, fimbo ni D0. Kila 126 zaidi ni pointi moja juu: D1, D2, D3. Kila 126 pungufu ni pointi moja chini: C9, C8, C7.

Mfano: fimbo ina gramu 436, nayo imeegemea sentimita 71.4. Toa 35.56, unabaki na 35.84. Zidisha kwa 436, unapata 15,626. Umezidi 15,374 kwa 252, ambayo ni 126 mara mbili. Fimbo ni D2.

Pima kwa uangalifu. Kosa la milimita 3 kwenye umbali wa mizania ni pointi nzima. Mimi hupima mara tatu na kuchukua kipimo cha katikati.

Fimbo nyingi za chuma za wanaume hutoka dukani kati ya D0 na D2. Za wanawake huwa katika C. Usiwe mtumwa wa namba hiyo. Kama chuma 7 chako cha zamani ulikipenda, kipime kwanza hivihivi, na ufuate namba yake.

Kanuni tatu zitakusaidia kurekebisha:

- Gramu 2 kichwani hupandisha pointi 1 hivi.
- Nusu inchi ya urefu ni pointi 3. Aliyefupisha fimbo ya D2 kwa nusu inchi atajikuta na C9, na ndiyo maana husema "fimbo imekufa mkononi".
- Gripi nzito zaidi kwa gramu 5 hushusha pointi 1 hivi.

Kwa hiyo aliyefupisha nusu inchi anahitaji karibu gramu 6 kichwani. Njia ya kwanza ni kipini cha shaba au tangsteni kinachoingia ndani ya ncha ya shafti na kugandishwa humo. Usizidishe, kwa sababu uzito wa shingoni huvuta kitovu cha uzito kuelekea kisigino, na utarudishiwa alama za hatua ya 1. Njia ya pili ni utepe wa risasi nyuma ya kichwa, katikati. Nawa mikono baada ya kuushika. Risasi ni sumu. Kwa kujaribu tu, vile vipande vya kubandika wanavyobalansia magurudumu kwenye karakana za matairi vinafaa sana, maana vimeandikwa gramu zake.

Aliyerefusha ana shida ngumu zaidi, kwani kupunguza kichwa si rahisi. Tafuta kichwa chepesi au shafti nyepesi. Kusaga kichwa sikushauri.

Umefanikiwa ukiona: namba umeipata na kuiandika, ukakumbuka kwamba gundi itaongeza gramu 1 au 2.

## Hatua ya 6: Gundi

Fimbo ya kwanza niliyomjengea mtu ilikuwa chuma 8. Gundi ilikuwa nzuri, kina kilikuwa sawa, shingo nilikuwa nimeisafisha. Siku ya tatu kichwa kikaruka mita 40 uwanjani, kikaanguka mbele ya kedi aliyekuwa akiokota mipira. Hakikumgusa. Nilikaa wiki nzima bila kushika kazi. Nilichokosea ni kuacha kromu kwenye ncha ya shafti. Epoksi haishiki kromu. Inakaa juu yake kama maji juu ya jani la yugwa.

Kwa hiyo sugua ncha kwa msasa namba 80 kuzunguka pande zote mpaka mng'ao uishe na ubaki na rangi ya kijivu isiyoakisi taa. Ishia milimita 3 chini ya alama ya kina, ili chuma kilicho wazi kifichwe ndani ya shingo na kisipate kutu. Kwa grafiti ondoa rangi tu, kwa msasa namba 120 na mkono mwepesi. Ukianza kuona nyuzi, umezidisha.

Pangusa ncha na shingo kwa asetoni. Kuanzia hapo usiviguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuidhoofisha gundi.

Changanya epoksi sehemu sawa kwa sawa juu ya kadibodi, koroga dakika nzima mpaka rangi iwe moja. Zile gundi za dakika tano hazifai: hazivumilii mshtuko wa kugonga mpira mara elfu. Paka ndani ya shingo na paka nchani, kisha ingiza polepole ukizungusha. Ukisukuma haraka, hewa iliyonaswa itaisukuma pete juu. Hakikisha ncha imegusa kina chote, maandishi ya shafti yako upande unaoutaka, na pete imekaa sawasawa juu ya shingo. Futa iliyomwagika kwa asetoni.

Simamisha fimbo kichwa kikiwa chini, mahali pakavu, saa 24. Kabale na Fort Portal, ambako usiku ni baridi, naacha saa 48. Usiikimbize kwa moto wala jua kali la bati.

Usitupe kadibodi. Gundi iliyobaki juu yake ndiyo shahidi wako: kesho ibonyeze kwa ukucha. Ikiacha alama, ya shingoni nayo haijakauka.

Umefanikiwa ukiona: umebana shafti kwenye kishikio, ukajaribu kuzungusha kichwa kwa mikono miwili kwa nguvu, na hakuna kilichosogea wala kulia.

## Hatua ya 7: Mlalo

Rudia jaribio la mstari wa hatua ya 1 kwa fimbo mpya. Majibu ya zamani yafute, urefu umebadilika.

Mstari ukiwa wima, ruka hatua hii na umshukuru Mungu. Ukiinama, pima ulipo. Kalisha kichwa cha fimbo juu ya meza iliyonyooka kwa pimamaji, mistari ya uso ikiwa sambamba na meza, na usome pembe ya shafti kwa kipima pembe. Chuma 7 huwa karibu digrii 62 hadi 63.

Kabla ya kukunja, jiulize kichwa ni cha chuma gani. Vilivyofuliwa kwa chuma laini, ambavyo mara nyingi huandikwa FORGED, hukunjika bila shida. Vilivyomiminwa kwa chuma kigumu kisichoshika kutu ni vikaidi: digrii 1, labda 2, zaidi ya hapo unacheza na ufa. Vya titani na vyenye uwazi ndani usivikunje. Na usitegemee sumaku ikuambie, maana vingi vya kumiminwa hushika sumaku vilevile.

Kazi hii ni bora kwa mashine ya kukunjia iliyotengenezwa kwa ajili yake. Huna? Bana kichwa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya alumini, uso na nyuma vikiwa vimefunikwa vizuri, na ukunje kwa mkono wa chuma unaoikumbatia shingo. Usikunje kwa kuvuta shafti. Nenda nusu digrii, toa, pima, rudia. Chuma hurudi nyuma kidogo kikiachiwa, kwa hiyo kipimo cha kweli ni kile cha baada ya kuachia.

Ukikunja mlalo, pima mwinuko pia, kwani shingo ikigeuka kidogo upande mwingine unaubadilisha bila kujua. Kuusimamisha uso kwa digrii 1 huondoa pia digrii 1 ya ule mteremko wa chini unaoizuia fimbo kuchimba. Kwenye ardhi laini baada ya mvua utaujutia.

Umefanikiwa ukiona: mistari minane kati ya kumi imechapwa wima, na jeraha la nyasi lina kina sawa upande wa kidole na wa kisigino.

## Hatua ya 8: Gripi

Hapa ni kazi fupi. Zungushia utepe wa pande mbili kitakoni, ziba tundu la gripi kwa kidole, mimina spiriti ndani, tikisa, imwage juu ya utepe, kisha sukuma gripi mara moja bila kusita. Nyoosha alama zake na uso wa fimbo kabla ya dakika moja kwisha. Iache usiku mzima.

Usitumie petroli, mvuke wake unashika moto hata kwa cheche ya swichi. Mafuta ya taa nayo huacha ulaini, na gripi itateleza.

Unene hupimwa hivi: shika fimbo kwa mkono wa kushoto, ncha za vidole viwili vya kati ziguse kidogo nyama ya kidole gumba. Zikizama, ongeza mzunguko wa utepe chini ya gripi. Zisipofika, gripi ni nene.

## Hatua ya 9: Jaribio, kisha seti

Mipira 20 tena, chaki tena, picha tena. Weka picha za leo kando ya zile za siku ya kwanza. Kama kundi limehamia katikati na mstari uko wima, cheza mashimo 18 mara mbili kabla ya kujenga nyingine, ikiwezekana kwenye viwanja viwili tofauti. Viwanja havikupi miguu ya aina moja: chenye miteremko kitakusimamisha vingine, na mlalo uliokuwa sawa kwenye tambarare utajipima hapo.

Ukiridhika, seti inajijenga kutokana na chuma 7. Kila namba inayoshuka huongezwa nusu inchi, na kila inayopanda hupunguzwa nusu inchi. Vichwa vipishane karibu gramu 7: cha chuma 7 kikiwa 268, cha 8 kiwe karibu 275, cha 6 karibu 261. Pima vyote kwa mizani kabla ya kuvigandisha, kwa sababu hata vya seti moja vinaweza kupishana gramu mbili tatu, na swingiweti za seti zikitofautiana mkono wako utajua kabla ya macho.

Kwa wanaocheza mashindano: fimbo zisizidi 14 mfukoni, na hakuna fimbo, isipokuwa pata (ile ya kusukumia mpira shimoni), inayoruhusiwa kuzidi inchi 48. Utepe wa risasi ubandike kabla ya kuanza raundi. Kuuongeza au kuutoa kwa makusudi katikati ya mchezo, kisha kuitumia fimbo hiyo, ni kuvunja kanuni.

Mwezi wa kwanza, kila baada ya kucheza, tazama mahali pete inapokutana na kichwa. Panatakiwa pawe pamefungana kabisa. Ukiona mwanya mwembamba kama unywele, kichwa kimeanza kusogea. Usipige tena kwa fimbo hiyo hata mpira mmoja. Ipashe moto, uivue, na urudi hatua ya 6.